MAISHA YA IMAMU ABUL-HASAN AL-ASH'ARI
Pamoja na maelezo ya ilimu ya Mwenyezi Mungu na hiari ya mja

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyokuwa na yatakayokuwa, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, twasema haya yafuatayo.

Katika masuala yanayozungumzwa barazani baada ya sala ya Isha, hapana lililo gumu kuliko suala la kadari. Mwenyezi Mungu amejua tangu milele kila kitakachotendwa na kila mja. Basi mja ana hiari gani? Na ikiwa maisha ya Akhera hayana mwisho, ilimu yake yaenea vipi mambo yasiyokwisha? Wako watu waliolichukua suala hili wakalifanya udhuru. Mtu huacha sala, huacha deni la watu bila kulilipa, huacha mgonjwa wake bila kumtafutia dawa, kisha husema kuwa ndivyo alivyoandikiwa. Na wako wengine lililowatia katika kukata tamaa. Mtu huyaona madhambi yake, akadhani kuwa jina lake limekwisha kutiwa katika daftari la waovu, na kuwa toba haina faida kwake. Hawa wote wawili wamepotea, na kosa lao ni moja, kama utakavyoona mwisho wa kijitabu hiki.

Tumeona ni bora kulieleza jambo hili kwa maisha ya mtu aliyelikabili umri wake wote, naye ni Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari. Sisi Mashafii wa pwani ni wafuasi wake katika itikadi. Mtoto anayehifadhi sifa ishirini chuoni, na mwanafunzi anayesoma Ummul-Barahini ya Sanusi au Jawharatut-Tawhidi ya Laqani, wote wamo katika njia yake. Lakini ukiwauliza wengi wetu khabari zake, hawazijui ila jina.

NASABA YAKE NA KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Ali bin Ismail, na kuniya yake ni Abul-Hasan. Nasaba yake yafika kwa sahaba mtukufu Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa mtu wa Yaman. Abu Musa na jamaa zake walipanda chombo kutoka kwao, wakikusudia kuhajiri kwa Mtume (s.a.w.). Chombo kikawafikisha Habasha, pasipo kuwa ndiko walikokukusudia. Huko wakakutana na Sayyidna Jaafar bin Abi Talib, wakakaa pamoja naye, kisha wakaja wote Madina mwaka wa 7 wa Hijra, Khaybar ilipokwisha kufunguliwa. Basi tazama: tanga walilitweka wao, na nia ilikuwa yao, lakini upepo haukuwa wao. Wala ujira wa nia yao haukupotea kwa kuwa walipelekwa njia nyingine.

Baadaye Abu Musa alikuwa liwali wa Basra katika zama za Sayyidna Umar, na kizazi chake kikakaa huko. Basra ni mji ambao wazee wetu wa pwani waliujua sana kwa majahazi yaliyokuwa yakileta tende. Huko ndiko alikozaliwa Abul-Hasan mwaka wa 260 wa Hijra, yaani 873 au 874 wa Miladi. Mji ulikuwa katika msiba. Mwaka wa 257 (871) watumwa walioasi, walioitwa Zanj, waliuingia wakaua watu wengi na kuchoma majumba, na vita vile havikwisha ila mwaka wa 270 (883). Katika mji ulioonja msiba kama huo, suala la kadari si suala la vitabuni tu.

MAKUNDI YALIYOKUWAKO KABLA YAKE

Suala hili lilikuwa limekwisha kuwagawanya watu kabla ya kuzaliwa kwake. Katika Basra hiyohiyo alitokea Maabad al-Juhani, aliyeikanusha kadari, akaona kuwa mambo huanza upya pasipo kukadiriwa kwanza. Watu wa kauli hii waliitwa Kadariya.

Kinyume chao alitokea Jahm bin Safwan, aliyeuawa Khurasani mwaka wa 128 (746). Yeye alisema kuwa mja hana kitendo cha kweli, na kuwa kunasibishiwa kwake vitendo ni mfano wa mti kunasibishiwa kutikisika hali upepo ndio unaoutikisa. Tena akasema kuwa Pepo na Moto vitakwisha, kwani hakukubali kuwa chochote kilichoumbwa chaweza kuendelea pasipo mwisho.

Kisha wako Muutazila, ambao asili yao ni Wasil bin Ata wa Basra, aliyekufa mwaka wa 131 (748). Wengi katika hawa walikubali kuwa Mwenyezi Mungu ajua tangu milele. Lakini walisema kuwa mja ndiye anayeviumba vitendo vyake mwenyewe, kwani waliona si uadilifu mtu kuadhibiwa kwa kitendo asichokiumba. Na wakuu wao walisema kuwa Mwenyezi Mungu hapana budi kumtendea mja lenye maslaha zaidi katika dini yake.

Miongoni mwa wakuu hao ni Abul-Hudhayl al-Allaf, mtu wa Basra, naye alishikwa na suala la mambo yasiyo na mwisho. Alifikiri kuwa kila kijulikanacho kwa ukamilifu hapana budi kina jumla yake na mpaka wake. Basi akasema kuwa harakati za watu wa Peponi na wa Motoni zitafika siku zisimame, na watu wa Peponi wabaki wametulia milele, katika raha lakini pasipo mwendo. Alikusudia kuilinda ilimu ya Mwenyezi Mungu, akaiwekea mpaka neema yake.

KUSOMA KWAKE

Baba yake Abul-Hasan alikuwa mtu wa Sunna na Hadithi. Imepokewa kuwa alipofikiwa na mauti alimuusia mwanawe kwa Zakariya as-Saji, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii katika Basra. Lakini imepokewa pia kuwa mama yake aliolewa na Abu Ali al-Jubbai, naye ndiye aliyekuwa kichwa cha Muutazila wa Basra wakati huo. Basi kijana akakulia katika darasa ya al-Jubbai, akashika madhehebu yake kwa muda mrefu, hata akawa hodari wa majadiliano kuliko mwalimu wake. Wanasema kuwa al-Jubbai alikuwa mwepesi wa kuandika lakini si mwepesi wa kujadiliana. Palipokuwa na majadiliano humtuma Abul-Hasan mahali pake.

Basi mtu huyu akafika umri wa miaka arubaini akiitetea itikadi aliyoipata kwa mwalimu wake.

MASHINDANO YA NDUGU WATATU

Wapokezi wa khabari zake wanasimulia kuwa siku moja alimuuliza mwalimu wake khabari ya ndugu watatu. Mmoja alikufa mtu mzima, mwema, mwenye kutii. Wa pili alikufa mtu mzima, muovu, mwenye kuasi. Wa tatu alikufa mtoto mdogo. Je, hali yao ni ipi Akhera?

Al-Jubbai akajibu kuwa yule mwema yumo katika daraja za juu, yule muovu yumo Motoni, na yule mtoto amesalimika. Abul-Hasan akauliza: je, mtoto akitaka kupanda daraja ya ndugu yake, ataruhusiwa? Akajibiwa kuwa hataruhusiwa, kwani ndugu yake aliipata kwa taa, na yeye hana amali. Abul-Hasan akasema kuwa mtoto ataweza kulalamika kuwa kosa si lake, kwani hakuachiwa umri wa kufanya taa. Al-Jubbai akajibu kuwa Mwenyezi Mungu atamwambia kuwa alijua kuwa lau angeishi angeasi na kustahili adhabu, basi akayaangalia maslaha yake, akamfisha mapema.

Hapo Abul-Hasan akauliza lililobaki. Yule ndugu muovu akilia kutoka Motoni, aseme kuwa Mola wake aliijua hali yake kama alivyoijua hali ya yule mtoto, basi kwa nini hakumfisha yeye naye mapema? Al-Jubbai akanyamaza.

Tufahamu vema maana ya kunyamaza huku. Al-Jubbai alikubali kuwa Mwenyezi Mungu ajua hata yale ambayo hayakuwa, lau yangekuwa yangekuwaje. Lakini alitaka kumpimia Mwenyezi Mungu kwa mizani ya akili ya mja, kuwa hili ni wajibu kwake na hili si wajibu. Mizani ile ilimfaa mtoto, ikamvunjikia kwa muovu.

KUTOKA KWAKE KATIKA MUUTAZILA

Karibu na mwaka wa 300 (912 au 913) Abul-Hasan alijifungia nyumbani kwake siku kumi na tano, watu hawamuoni. Imepokewa kuwa hoja zilikuwa zimelingana mbele yake, hakuona ya kuipa nguvu hii kuliko ile, akamuomba Mwenyezi Mungu amuongoe. Na imepokewa pia kuwa katika mwezi wa Ramadhani alimuota Mtume (s.a.w.) mara tatu, akiamrishwa kuyanusuru yaliyopokewa kutoka kwake. Akadhani kuwa maana yake ni kuuacha kabisa ujuzi wa hoja, akauacha. Na mara ya tatu akafahamishwa kuwa hakuamrishwa kuuacha, bali kuutumia katika kuinusuru Sunna.

Kisha akatoka, akaenda msikiti wa jamii siku ya Ijumaa, akapanda mimbari. Akawatangazia watu kuwa mwenye kumjua amemjua, na asiyemjua basi yeye ni fulani bin fulani. Kuwa alikuwa akisema kuwa Kurani imeumbwa, na kuwa Mwenyezi Mungu hataonekana Akhera, na kuwa mja ndiye anayeutenda uovu wake kwa kuuumba mwenyewe. Na kuwa sasa ametubu katika hayo yote. Akaivua nguo aliyokuwa ameivaa akaitupa, ili waone kuwa ameivua itikadi ile kama alivyoivua nguo ile.

Si jambo jepesi mtu wa miaka arubaini, mwenye jina na wanafunzi, kusimama mbele ya mji wake na kusema kuwa aliyokuwa akiyafundisha si kweli. Wengi huijua haki wakashindwa na haya.

ALIYOFUNDISHA KATIKA KADARI NA HIARI

Baada ya hapo aliandika vitabu vingi. Vilivyobaki hata leo na vinavyojulikana zaidi ni al-Ibana, al-Luma, na Maqalatul-Islamiyyin, ambamo alizieleza kauli za makundi ya Waislamu, hata za wapinzani wake, kwa uaminifu uliosifiwa na wengi.

Katika suala letu alifuata njia iliyo baina ya Jahm na Muutazila. Alisema kuwa muumba ni mmoja tu, basi hapana kitu kilichoko ila kimeumbwa na Mwenyezi Mungu, na vitendo vya waja ni katika jumla ya vitu. Lakini kitendo hichohicho mja hukichuma kwa uwezo alioumbiwa wakati wa kukitenda. Neno lake kwa Kiarabu ni kasb, nasi katika lugha yetu twalijua vema, kwani twasema mtu amechuma thawabu au amechuma dhambi. Chumo ni la mja, na kwa chumo hilo husifiwa au hulaumiwa.

Na dalili aliyoitoa iko katika nafsi ya kila mmoja wetu. Mtu atetemekaye kwa homa ajua kuwa mtetemeko ule haukumtoka kwa hiari yake. Mtu huyohuyo akipona akatembea kwenda sokoni na kurudi, ajua kwa yakini kuwa mwendo huu si kama mtetemeko ule. Tofauti hii haihitaji mwalimu. Basi aliyesema kuwa mja ni kama mti katika upepo ameikadhibisha nafsi yake mwenyewe.

Haki ni kusema kuwa maana ya chumo ni nyembamba. Wanavyuoni waliifanya methali, wakawa wakitaka kukisifu kitu kwa ujembamba husema ni chembamba kuliko chumo la al-Ash'ari. Imamul-Haramayn al-Juwayni, aliyekufa mwaka wa 478 (1085), ambaye ni katika wafuasi wake wakubwa, aliuzidishia nguvu upande wa uwezo wa mja katika kitabu chake an-Nizamiya. Na Abu Mansur al-Maturidi wa Samarqand, aliyekufa mwaka wa 333 (944), aliifikia njia ya kati kwa maneno yake mwenyewe, akaitilia nguvu hiari ya mja. Naye ndiye imamu wa itikadi wa Mahanafi wengi.

Ama ilimu ya Mwenyezi Mungu, mtu aliyesoma sifa ishirini akumbuke kuwa Kudura ni sifa moja, Irada ni sifa nyingine, na Ilimu ni nyingine. Kwa Kudura vitu huletwa, kwa Irada huhusishwa na hali zao, na kwa Ilimu hufunuka vilivyo. Ilimu haimsukumi mtu. Nahodha ajuaye kwa hesabu ya mwezi kuwa siku fulani patakuwa na bamvua, si ilimu yake iliyoyaleta maji, wala maji hayakulazimishwa na kujua kwake. Na Mwenyezi Mungu hana mfano. Twautoa mfano huu kwa kufahamisha tu. Yeye ajua kuwa fulani atatenda jambo fulani kwa kulichagua. Basi hata kuchagua kwake kumo katika yaliyojulikana. Vipi tena ilimu hiyo itakuwa imekuondoa kuchagua huko?

KHABARI YA MAMBO YASIYO NA MWISHO

Imamu alilikataa neno la Jahm kuwa Pepo na Moto vitakwisha, na alilikataa neno la Abul-Hudhayl kuwa harakati zitasimama. Aliandika katika Maqalat kuwa Waislamu wote, isipokuwa Jahm, wameafikiana kuwa Pepo na Moto ni vya kudumu.

Kosa la Abul-Hudhayl lilikuwa kudhani kuwa Mola hujua kama ajuavyo mwenye kuhesabu, kimoja baada ya kimoja, hata afike mwisho ndipo aseme amejua. Mwenye kuhesabu hivyo hafiki kabisa, ni kweli. Lakini ilimu ya Mwenyezi Mungu, kwa itikadi ya Imamu na wafuasi wake, ni moja, ya tangu milele, haizidi wala haipungui, wala haingoji jambo litokee. Haikukusanywa kidogo kidogo hata ihitaji kukamilika.

Na ukitaka kuikurubisha maana hii katika akili, mtazame mtoto wa chuo aliyefundishwa hesabu. Ajua kuwa kila hesabu ya shufwa hugawanyika mafungu mawili sawa. Hesabu za shufwa hazina mwisho, naye hakuzihesabu zote, wala hatazihesabu. Lakini neno lake ni kweli kwa zote. Ikiwa mja dhaifu ameruhusiwa kujua neno moja lienealo yasiyo na mwisho, vipi tumuwekee mpaka Aliyeyaumba? Mtoto ajua neno moja tu katika hesabu hizo, na Mwenyezi Mungu ajua kila moja kwa hali yake yote. Basi watu wa Peponi wataendelea katika neema mpya baada ya mpya, pasipo siku ya kusimama, na hapana hata moja itakayokuwa ngeni kwa Mola wao.

MWENENDO WAKE NA KUFA KWAKE

Baadaye alihamia Baghdad. Siku za Ijumaa akihudhuria darasa ya Abu Ishaq al-Marwazi, mwanachuoni wa Kishafii, katika msikiti wa jamii wa al-Mansur. Ukubwa wake haukumzuia kukaa mbele ya mwalimu. Maisha yake yalikuwa ya kukinai. Chakula chake kilitoka katika shamba la wakfu la babu yake Bilal bin Abi Burda, na mtumishi wake Bundar alisimulia kuwa matumizi yake ya mwaka mzima yalikuwa dirhamu kumi na saba.

Alikufa Baghdad mwaka wa 324 (935 au 936), kwa kauli yenye nguvu, akazikwa huko. Imepokewa kuwa mauti yalipomkaribia, katika nyumba ya Zahir as-Sarakhsi, alimshuhudisha kuwa hamkufurishi yeyote katika watu wa kibla, kwani wote wamuelekea Muabudiwa mmoja, na khitilafu zao ni khitilafu za ibara. Maneno haya yametoka kwa mtu aliyepigana kwa hoja umri wake wote. Nasi tulioishi pwani hii pamoja na Maibadhi na Mashia, yatufaa kuyakumbuka.

Mwanafunzi wake Abul-Hasan al-Bahili aliwafundisha al-Baqillani, na Ibn Furak, na Abu Ishaq al-Isfaraini, na kwa hao njia yake ikaenea hata ikafika kwa Imamu al-Ghazali, na baada yake ikafika kwetu.

FAIDA YA KHABARI HII

Tulisema mwanzo kuwa mwenye kujitetea kwa kadari na mwenye kukata tamaa kwa kadari wana kosa moja. Kosa lenyewe ni kuwa kila mmoja amedai kuyajua aliyoandikiwa.

Lau mtu angemtazama Abul-Hasan siku moja kabla ya Ijumaa ile, angeapa kuwa ameandikiwa kufa Muutazila. Umri wake, mwalimu wake, sifa yake na wanafunzi wake, vyote vilishuhudia hivyo. Naye mwenyewe hakujua. Mwenyezi Mungu alijua tangu milele kuwa atapanda mimbari, lakini miguu iliyopanda ngazi ilikuwa miguu yake, na ulimi uliokiri ulikuwa ulimi wake. Hakungoja asomewe daftari. Alisoma, akafikiri, akaomba, kisha akaondoka.

Basi ndugu yangu, yaliyoandikwa yamefichwa, na yaliyoamrishwa yamefunuliwa. Hatutaulizwa kwa yale tuliyofichwa. Tutaulizwa kwa yale tuliyofunuliwa. Mwenye deni alipe, mwenye mgonjwa amtafutie dawa, mwenye kuacha sala airudie, na mwenye dhambi asiseme kuwa mlango umefungwa, kwani hakuuona ukifungwa. Akiisha kufanya, na amshukuru Mwenyezi Mungu kuwa amemuwezesha. Na likimfika asilolitaka baada ya juhudi yake, hapo ndipo mahali pa kuikumbuka kadari, ili moyo wake utulie.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abul-Hasan, atujaalie sisi na wazee wetu mwisho mwema, na atutie katika neema yake isiyokatika. Amin.

Wallahu aalam.